Themanini na Moja

Gari limeegeshwa nyuma ya kanisa la Ankenes,
jeusi, limelala chini kama mbwa aliyekaripiwa,
theluji ya jana bado imo juu ya paa.
Solfrid ananipa ufunguo. Si ufunguo, ni kadi,
nyembamba kama ile ya maktaba.
"Lipo kama alivyoliacha," anasema,
halafu anatazama viatu vyake.

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku.
Dizeli yangu inakohoa tangu Novemba
na kila inapokohoa, ninayelipa ni mimi.
Shemeji yangu Torgeir,
ambaye hajawahi kununua hata sufuria bila kuigonga kwa kidole,
alinipigia jana: Oddny, usiuziwe mbuzi kwenye gunia.
Lakini hili halina gunia. Lina paa la kioo,
ukiinua macho unaziona nyota.
Mbuzi mwenyewe amefichwa chini ya sakafu,
kilo mia sita za kimya:
hakohoi, hachemki,
hadondoshi hata tone la mafuta la kumshtakia.

Nauliza maswali niliyoyaandika nyuma ya risiti.
Lilichajiwa kwa chaja za kasi mara ngapi?
Hajui.
Dhamana ya betri inaisha lini?
Aprili.
Leo ni tarehe ishirini Februari.
Na kitasa hiki cha nyuma, cha kushoto,
kilichozama ndani na kukataa kutoka?
"Ah, hicho," anasema Solfrid, na kukipiga ngumi mbili
kwa ustadi wa mtu aliyekwisha kuzoea;
barafu inamwagika, kitasa kinachomoza kama ulimi.

Skrini inasema betri imebaki themanini na moja kwa mia.
Namba za namna hii nazijua.
Usiku nazisoma kwenye vidole vya wagonjwa,
na themanini na moja ni namba ya kumwamsha daktari.
Kwa gari, eti, ni nzuri.
Kwa umri wake, eti, ni nzuri sana.
Ndivyo tunavyowaambia na wao, kule kwenye korido.

Naingia. Ngozi ya baridi, rangi ya chai ya maziwa,
mikwaruzo minne ya kucha za mbwa.
Nafunga mlango.
Na kiti, bila kuulizwa, kinaanza kurudi nyuma,
polepole, kwa mlio mdogo wa nyuki,
kinarudi, kinarudi,
mpaka miguu yangu haifiki popote
na usukani unapanda kumfuata mtu mrefu
ambaye hayupo.
Kwenye skrini, jina: ARNFINN.

Solfrid ameliona kupitia dirishani.
Daktari wa meno, mita moja na sentimita tisini na nne;
aliniziba jino mwaka ule wa mafuriko,
akiimba kwa pua huku anachimba.

Nahesabu. Krona laki mbili na elfu kumi na tano.
Kilomita hamsini na sita kila zamu,
na daraja lenye upepo katikati.
Majira ya baridi, toa theluthi.
Rahisi ghali, nasema kimoyomoyo.
Na ghali, je, huwa nini?

"Unaweza kulifuta," anasema Solfrid. "Jina.
Kuna mahali pa kubonyeza.
Mimi nimelijaribu mara tatu."

Nabonyeza kitufe cha pembeni.
Kiti kinanileta mbele, hadi miguu inagusa pedali,
na skrini, kwa adabu ya karani wa benki, inauliza:
Nihifadhi mabadiliko kwa Arnfinn?
Ndiyo. Hapana.
Nje, Solfrid anapangusa theluji ya paa
kwa mkono wa koti, taratibu,
na kidogo kidogo anga linarudi juu ya kichwa changu.

Sibonyezi.
Namwambia nitalifikiria mpaka Jumatatu,
na kwamba bei, bei inaweza kuzungumzika.
Anaitikia kwa kichwa.
Halafu namwomba anioneshe tena,
ngumi ya kwanza inapigwa wapi,
na ya pili wapi.